Kutoka Sifuri Hadi Kumi

"Kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako yako wapi?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyoulizwa nitaolewa lini, na kwa binti wa Likoni aliyefikisha miaka 29 bila pete, hilo si jambo dogo. Sifuri maana yake huna maumivu. Kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Sasa taabu ni kwamba mimi naweza kufikiria mengi. Nikifikiria kumi, namwona mtu aliyemwagikiwa na mafuta ya kukaangia. Basi nasema nne. Daktari anaandika nne, ananipa dawa za mtu wa nne, narudi Umoja na mgongo ambao usiku nikitaka kugeuka lazima nishike ukuta, nihesabu mpaka tatu, ndio nigeuke. Safari moja nilisema saba. Siku hiyo nilisikilizwa dakika mbili zaidi.

Nyanya yangu hajawahi kuniuliza namba. Yeye hupiga simu na kuanza moja kwa moja: "Wakuuma vipi leo huo mgongo? Wachoma, wavuta, ama watambaa?" Kwake kila neno lina mwenyewe. Tumbo husokota. Kichwa huwanga, na kikizidi huatua. Kidonda kikiguswa na ndimu huchonyota. Jipu linaloiva hupwita. Ubavu una kichomi, mguu hufa ganzi, na yale yanayohamahama, leo bega kesho nyonga, hayo ni tambazi. Ukimwambia "nne" atakuuliza nne za nini.

Kuna mtu aliyejenga jina lake kwa kusikiliza maneno kama ya nyanya. Miaka ya 1950, Ronald Melzack, kijana mwanasaikolojia kutoka Kanada, alikuwa akikaa kliniki moja kule Oregon, Marekani, akipiga stori na mama mzee mwenye kisukari aliyekatwa mguu. Mguu haukuwepo tena, lakini uliendelea kumuuma, na mama huyo alijua kueleza. Melzack akaanza kuyaandika maneno yake, kisha ya wagonjwa wengine. Mwaka 1975, akiwa Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, akachapisha orodha ya maneno 78 yaliyopangwa katika makundi 20, mgonjwa achague yanayomfaa. Ikaonekana kwamba watu wenye ugonjwa mmoja huelekea kuchagua maneno yanayofanana. Jino lina maneno yake, neva iliyoumia ina yake. Maneno yenyewe ni dalili, kama joto au kikohozi. Nilipoisoma hiyo stori nilimpigia nyanya kumwambia kuna mzungu aliyefanya kazi yake. Akaniuliza kama alilipwa.

Mgongo wangu ulianza Machi 2021. Maji yalikuwa yamekatika mtaani wiki nzima, na si unajua Nairobi, maji yakikatika unajifunza kuhesabu ngazi. Mtungi wa lita 20, orofa ya nne, safari sita. Safari ya tano kitu kikashtuka kiunoni, upande wa kulia, kama waya uliokatika. Nikamaliza ya sita kwa sababu mtungi ulikuwa tayari umejaa. Kila mtu aliniambia ni wiki mbili tu. Watafiti huyaita maumivu sugu yakishapita miezi mitatu, kwa sababu kufikia hapo nyama na kano nyingi zilizoumia huwa zimeshapona, na mtu anatarajiwa awe ameshasahau. Mimi nilikuwa nimeingia mwaka wa tatu.

Ndipo nikapigwa picha ya MRI, katika hospitali moja ya kibinafsi ambayo sitaitaja. Daktari aliiweka kwenye skrini, akaelekeza kwa kalamu. "Unaona hapa? Diski imetokeza. Na hii imeanza kukauka. Huu ni mgongo wa nyanya yako." Alikuwa anatania, na hata nesi alicheka. Lakini mimi nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kuanzia siku hiyo sikuinama kuokota kitu bila kukifikiria kwanza. Nguo nilifua nikiwa nimepiga magoti. Viatu vya kamba nikampa jirani. Binamu yangu alipojifungua nilimshika mtoto nikiwa nimeketi tu, mto nyuma, watu wawili kando, kama vile ni mimi niliyejifungua. Na maumivu yakapanda, ingawa diski ilikuwa ile ile ya juzi.

Ushauri ulikuwa upasuaji. Laki saba.

Nyumbani habari ilipokelewa kama zinavyopokelewa habari za aina hiyo. Ami yangu, ambaye ni mvuvi na ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, akafungua kundi la WhatsApp akaliita "Mgongo wa Mwanetu". Picha waliyoweka ni ile ya kitambulisho, naonekana kama nimeshatangulia mbele za haki. Ami akatangaza msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Katika wiki mbili zikapatikana laki moja na elfu sitini, mia tano hapa, elfu moja pale, na shilingi mia mbili kutoka kwa mama wa mahamri anayeuza karibu na feri. Zilizobaki ami alisema ataanza kuzitafuta kwa kuuza mashine ya boti yake. Hakuniambia mimi. Aliyeniambia ni mkewe.

Hapo ndipo nikaanza kusoma, usiku, kwa vile kulala nilikuwa silali. Sina elimu ya udaktari. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Lakini utafiti mwingi uko wazi mtandaoni, na mtu ambaye mashine ya boti ya ami yake iko sokoni husoma kwa makini.

Kitu cha kwanza kilichonikalisha kitako ni makala ya mwaka 2015, kazi iliyoongozwa na watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani. Walikusanya tafiti 33 zilizopiga picha migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Wazima kabisa. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Diski iliyotokeza, ile yangu, walikuwa nayo asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 40 ya wenye miaka 30. Nikahesabu. Matatu ya abiria 14, wote rika langu, wote wanasikiza mziki wao, wanateremka Tom Mboya bila shida: watano au sita kati yao wana picha kama yangu na hawana habari. Ule haukuwa mgongo wa nyanya. Ulikuwa mgongo wa mtu wa miaka 29.

Hiyo haimaanishi kwamba picha ni bure. Inaonyesha uvimbe, mfupa uliovunjika, neva iliyobanwa vibaya, na mtu mwenye mambo hayo anafaa aonekane haraka. Ila picha ya mgongo haionyeshi maumivu yenyewe. Na hapo ndipo watafiti wamekuwa wakikuna kichwa kwa muda mrefu.

Mwaka 1944, katika vita vya Anzio kule Italia, daktari wa jeshi la Marekani, Henry Beecher, aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya kama walitaka dawa ya maumivu. Karibu robo tatu walikataa. Raia mwenye kidonda kama hicho angelia kuomba. Beecher aliona kwamba kwa askari kidonda kilimaanisha vita vimemwishia, anarudi nyumbani akiwa hai, na kwa raia kilimaanisha balaa ndiyo inaanza. Kisha kuna kisa cha pili, kinyume chake, kilichochapishwa katika jarida la BMJ la Uingereza mwaka 1995. Fundi wa mjengo wa miaka 29 (rika langu tena) alirukia msumari wa sentimita 15, ukapenya buti ukatokea juu. Kila msumari ulipoguswa alipiga kelele, ikabidi apewe dawa kali za kumtuliza. Walipovua buti wakakuta msumari umepita katikati ya vidole. Hakuwa na hata mkwaruzo. Watu hukisimulia kisa hiki kwa kumcheka yule fundi. Mi sikuweza. Maumivu yake yalikuwa kweli. Macho yake yaliuona msumari, akili ikafanya kazi yake ya kumlinda.

Melzack, yule wa maneno, ndiye aliyeshirikiana na Mwingereza Patrick Wall mwaka 1965 kueleza jinsi hili linavyowezekana. Walisema kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama geti. Taarifa ya hatari ikitoka mguuni haiendi ubongoni moja kwa moja. Inapita getini, na geti hufunguliwa au kufungwa na mambo mengine: mguso wa ngozi, na amri zinazoshuka kutoka ubongoni, zikiwa zimebeba hofu, matumaini, kumbukumbu. Vipande vya nadharia hiyo vimerekebishwa tangu wakati huo, lakini wazo lenyewe limesimama. Ndio maana ukijigonga kiwiko unakisugua. Ndio maana nyanya akinikanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, mgongo hunyamaza kwa nusu saa. Nilikuwa nikidhani hunyamaza kwa adabu.

Halafu kuna soja. Ploti yetu iliibiwa mitungi mitatu ya gesi usiku mmoja. Kabla ya hapo soja wa geti alikuwa mtu wa kulala na redio sikioni. Baada ya hapo hakulala tena, na hakumwamini mtu. Alimsimamisha mama wa mboga anayeingia kila asubuhi. Alinimulika tochi usoni mimi ninayelipa kodi. Paka akipita, filimbi. Mwizi alishaondoka zamani, gesi zilishanunuliwa nyingine, lakini geti lilikuwa bado kwenye ule usiku. Clifford Woolf, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya utafiti London, alionyesha mwaka 1983 kwamba neva za uti wa mgongo zinaweza kufanya hivyo hasa: zikishatumiwa ishara za maumivu kwa nguvu na kwa kurudiarudia, hubadilika zenyewe, zikaanza kuitikia hata mguso mdogo usio na madhara. Shida inakuwa imehama. Haiko tena pale palipoumia, iko kwa soja. Na MRI ya mgongo inapiga picha ukuta na mlango, haipigi picha ya wasiwasi wa soja.

Nilipomweleza mama haya yote alinyamaza kwenye simu, kisha akasema lile neno nililokuwa naliogopa. "Kwa hivyo ni ya kichwani."

Bana. Ukiwa na maumivu yasiyoonekana, hilo neno linakuuma kuliko mgongo. Nilikuwa nimelisikia kazini, kwa njia ya upole, mtu akisema nahitaji tu kupumzika. Nimelisikia kwa mwanaume niliyekuwa naye, bila upole. Na katika familia yetu "ya kichwani" ina ndugu yake, "ya watu", yaani kuna mtu amekufanyia. Mama alikuwa ameshanipeleka kwa maalim nikasomewa, nikanywa kombe, maandishi ya zafarani yakiyeyuka kwenye maji ya waridi. Nilikunywa. Na siku mbili zile nilipata nafuu, sitaki kudanganya. Mwaka 2016 watafiti mjini Lisbon waliwapa watu wenye maumivu sugu ya mgongo vidonge visivyo na dawa yoyote, tena wakawaambia wazi kwamba havina dawa. Waliovimeza walipata nafuu kuliko wenzao walioendelea na matibabu ya kawaida peke yake. Kwa hiyo mimi kombe la maalim silicheki. Kuna mtu mzima aliyenishika mkono, akanisomea, akataka nipone. Soja wangu alimsikia.

Lakini "ya kichwani" kwa maana ya kujitungia, hapana. Maumivu yote hutengenezwa na mfumo wa neva na ubongo, hata ya mkono uliogusa sufuria. Jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa maumivu ilikubali mwaka 2017 kwamba kuna aina ya tatu, kando na ya kidonda na ya neva iliyoumia: ile inayotokana na mfumo wenyewe wa kupokea maumivu kubadilika. Na tangu Januari 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayaweka maumivu sugu mahali pake, kama ugonjwa wenye jina na namba, si kivuli cha ugonjwa mwingine. Muasisi wa jumuiya hiyo, John Bonica, Mmarekani mzaliwa wa Italia, alijilipia masomo ya udaktari kwa kupigana mieleka akiwa amevaa kinyago. Mieleka ilimharibu viungo, akaishi na maumivu hadi uzeeni. Mwaka 1953 aliandika kitabu kikubwa cha tiba ya maumivu wakati wenzake wengi hawakuona kama hilo ni somo. Nampenda huyu mzee. Angalau yeye asingeniambia nipumzike.

Kuhusu dawa, kuna mambo yanayosisimua, na mengine yametoka hapa kwetu. Kwenye ardhi kavu za Tsavo na Meru kunaishi fuko asiye na manyoya, mwekundu-mwekundu, meno nje, sura ya kidole kilicholowa maji. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya kumdunga asidi na kiini cha pilipili. Hakujali. Akibanwa anasikia, akichomwa na joto anasikia, lakini asidi na pilipili hapana. Baadaye wakaonyesha siri ya asidi iko katika mlango mdogo sana wa sodiamu kwenye neva zake, ambao asidi huufunga. Mlango huo huo ndio uliokuwa umeharibika tangu kuzaliwa kwa mvulana mmoja wa Pakistan aliyekuwa akijidunga visu mikononi na kutembea juu ya makaa barabarani ili watu wamtunze. Hakusikia chochote. Alikufa kabla hajatimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Uchunguzi wa jamaa zake ulichapishwa mwaka 2006, na tangu hapo makampuni ya dawa yamekuwa yakiufukuza mlango ule na ndugu zake. Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrigine, dawa inayofunga mlango wa jirani, bila uraibu unaoletwa na dawa za jamii ya afyuni.

Nilisoma habari hiyo nikiwa ndani ya matatu, nikapiga kelele ndogo. Kisha nikaendelea kusoma. Imeidhinishwa kwa maumivu ya muda mfupi, kama ya baada ya upasuaji. Ilipojaribiwa kwa watu wenye neva iliyobanwa kiunoni na maumivu yanayoshuka mguuni, ilipunguza maumivu, ila waliopewa vidonge vitupu nao walipata nafuu karibu sawasawa. Nikateremka stage yangu.

Na hata dawa ambayo imekuwepo karne mbili bado haijatufikia sawasawa. Tume ya jarida la Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Marekani wakafa kwa kuzidishiwa, kwingine watu wakafa wakiuma shuka. Jirani zetu Uganda waliamua tangu 2004 kwamba manesi waliofunzwa wanaweza kuandika mofini ya maji, ile ya kunywa kwenye chupa, ikamfikia mwenye saratani kijijini. Kwa mgongo kama wangu mofini si dawa, na ushauri ni isitumike. Lakini babu yangu alikuwa na saratani ya koo, na ninakumbuka shuka.

Turudi kwa laki saba. Nilienda kwa daktari wa pili, hospitali nyingine. Huyu hakuanza na picha. Alinigonga magoti kwa kinyundo, akanitembeza kwa visigino na kwa ncha za vidole, akanigusa miguu kwa pamba, akaniuliza kama mkojo unanitoka bila kujua. Akasema mguu ukianza kulegea, au nikipoteza hisia sehemu za siri, nije mbio hata usiku wa manane, siku hiyo upasuaji si wa kujadili. Ila kwa sasa haoni cha kukata. Akaniambia nivue ule mshipi wa mgongo niliouziwa elfu sita. Nilipofika nyumbani nikautafuta: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri mishipi hiyo isitumike. Unachopendekeza ni mazoezi, kuelimishwa, tiba ya saikolojia. Vitu visivyo na risiti ya kutisha.

Mtu wa fizio niliyempata ni mwanamke wa Kisumu asiye na huruma ya bure. Siku ya kwanza aliniambia niokote kalamu sakafuni. Nikaanza kupiga magoti. "La. Inama." Nikamwambia diski. Akasema diski haijatoka popote, inama. Mwili mzima ulitetemeka, na si kwa maumivu. Niliinama. Kuna utafiti wa Boulder, Colorado, uliochapishwa mwaka 2021, unaofanana na mbinu yake: watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo, na baadhi yao walifunzwa kwa mwezi mmoja kuyachukulia maumivu kama kengele ya uongo. Asilimia 66 walimaliza wakiwa hawana maumivu au wanayo kidogo sana, ikilinganishwa na 20 waliodungwa maji ya chumvi na 10 walioendelea na matibabu ya kawaida. Ni matokeo makubwa, na kuna la kuzingatia: washiriki wengi walikuwa watu waliosoma vizuri, maumivu yao si ya kupindukia. Hakuna aliyekuwa anapandisha mtungi orofa ya nne.

Baada ya miezi mitatu ya kuinama nilipanda treni kwenda Mombasa kumwambia ami. Tulikaa barazani, yeye, mama, nyanya, na binamu yangu aliyekuwa mweka hazina.

"Yaani daktari hajui, wewe ndiwe wajua?"

"Shikamoo tena, ami. Ni daktari wa pili alosema."

"Na mimi nishatangaza msikitini. Watu watasema nini? Kuwa twala pesa za mgongo?"

Hilo ndilo lilikuwa zito kwake, na alikuwa na haki. Mimi nilikuwa na karatasi zangu nimechapisha, nimepigia mistari. Sikuzitoa. Nyanya aliuliza kama bado wavuta. Nikamwambia wavuta, lakini hautambai tena. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa majibu ya maabara. Mama akasema tungoje basi, Mungu ndiye mjuzi. Ami akanyamaza muda mrefu, akitazama upande wa bahari. Mteja wa mashine alikuwa aje Jumapili. Akatoa simu, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kuongea. Tulimsikia akimwambia mtu kwamba mashine haiuzwi tena, kwa sauti ya kukasirika ambayo haikuwa na hasira ndani yake.

Binamu alirudisha pesa kwa M-Pesa, mmoja mmoja, hadi usiku, akilalamikia makato. Wengi walipokea. Wachache walisema nizitumie kwa fizio, na ndizo zilizonilipia hadi Agosti. Mama wa mahamri alikataa mia mbili zake. Alituma ujumbe wa sauti: mgongo ukikubali, nije siku moja alfajiri nimkandie unga, mkono wake wa kulia umeanza kufa ganzi.

Nilienda siku ya tatu ya Idd, saa kumi na moja, giza bado. Unga kilo nne, iliki, tui. Mgongo ulianza kusema kwenye kilo ya kwanza. Aliniuliza kama naweza. Nikamwambia waongea huo, uache uongee, na nikamuuliza mkono wake wafa ganzi vidole vipi, vyote ama vitatu tu.